Mionzi Inavyofunga Protini kwenye DNA: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia kwa wanafunzi wa baiolojia na udaktari, kwa watu wa maabara, na kwa wagonjwa na ndugu zao wanaosoma usiku kucha kabla ya kuanza kupigwa mionzi. Yameanza na yale ya msingi, kisha kemia, maabara, hospitali, na mwishoni yale ya pembezoni. Mwenye haja ya habari za matibabu tu na aruke hadi swali la 14.

## Mambo ya kwanza kujua

1. Mfungamano wa DNA na protini ni nini hasa?

Ni hali ya protini kushikamana na DNA kwa kifungo kovalenti, yaani kifungo cha kemia ambacho maji, chumvi wala sabuni haviwezi kukifungua. Kwa kawaida protini huigusa DNA na kuiachia: inakuja, inasoma, inafanya kazi yake, inaondoka. Mguso huo unategemea nguvu hafifu, hasa mvutano kati ya chaji chanya na chaji hasi. Kifungo kovalenti kikishaundwa, kuachia kumekwisha. Protini inakaa papo hapo hadi kitu kingine kije kuikata.

Neno "mfungamano" likitokea peke yake katika ukurasa huu, maana yake ni hiyo.

2. Protini imefikaje karibu na DNA kiasi cha kunaswa?

Haikufika, ilikuwapo tangu mwanzo. Vitabu vingi huchora DNA ikiwa uchi, inaelea peke yake, na mchoro huo umewapoteza wanafunzi wengi. Ukweli ni kwamba ndani ya kiini cha seli moja ya binadamu kuna DNA yenye urefu wa takriban mita 2, na kiini chenyewe kina upana wa mikromita chache tu. Imeenea kwa sababu imezungushwa kwenye histoni, protini za kuifungasha. Kila furushi lina histoni 8, mbili mbili za aina ya H2A, H2B, H3 na H4, na limezungukwa na jozi 147 za besi, yaani herufi za DNA. Histoni zimejaa laisini na ajinini, asidi amino (matofali ya protini) zenye chaji chanya. Uti wa DNA una chaji hasi. Ndiyo maana hazibanduki hovyo.

Ongeza vimeng'enya vinavyonakili DNA, vinavyoisoma, vinavyoinyoosha inapojisokota kupita kiasi, na protini za kiunzi cha kiini. Mionzi inapoingia inakuta DNA na protini ziko umbali usiofika nanomita moja, kwa hiyo haina haja ya kuzisogeza.

3. Ni mionzi ipi hiyo? Ya simu nayo imo?

Haimo. Tunazungumzia mionzi ayonisha, yenye nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu: eksirei, gama, beta, alfa, neutroni, na ioni zinazorushwa na mitambo ya kuharakisha chembe. Mawimbi ya simu, redio na oveni ya maikrowevu hayana nguvu hiyo hata yakiwa mengi kiasi gani. Miale ya jua ya urujuanimno iko katikati, nayo ina swali lake (la 19).

4. Dozi ya grei moja huzalisha mifungamano mingapi?

Grei 1 ni jouli 1 ya nishati iliyomezwa na kilo 1 ya mwili. Kwa eksirei au gama, makadirio yanayotumika sana ni haya kwa kila seli ya mamalia kwa kila grei: mikatiko ya uzi mmoja wa DNA kama 1,000, besi zilizoharibika 1,000 au zaidi, mikatiko ya nyuzi zote mbili kati ya 20 na 40, na mifungamano ya DNA na protini kama 150.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayowashtua watu. Mifungamano ni mingi kuliko mikatiko ya nyuzi zote mbili, karibu mara nne hadi saba, na bado vitabu vingi vya kozi huipa aya moja, vikiamua kuipa kabisa. Sababu ni kwamba mikatiko huua seli waziwazi na ni rahisi kuihesabu. Mifungamano ni migumu kupimwa (swali la 9), na kitu kisichopimika vizuri huachwa nyuma hata kama kipo kwa wingi.

Na tukiwa hapo: grei 4 kwa mwili mzima zinaweza kumuua mtu asiyepata matibabu, lakini nishati yake ingepandisha joto la mwili kwa takriban elfu moja tu ya digrii. Madhara hayatokani na joto. Yanatokana na mahali nishati ilipodondokea.

## Kemia yenyewe

5. Mionzi inaunganishaje vitu viwili? Si kazi yake ni kuvunja?

Inaanza kwa kuvunja kweli. Kuunganika ni matokeo ya vipande vilivyobaki kutafuta wenza.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, mionzi inagonga DNA au protini yenyewe na kung'oa elektroni. Ya pili inapita kwenye maji, nayo ndiyo yenye mchango mkubwa zaidi kwa eksirei na gama, takriban theluthi mbili ya madhara yote. Seli ni maji kwa karibu asilimia 70. Mionzi ikiyapiga maji inazaa radikali za haidroksili, elektroni zilizozungukwa na maji, na atomu za haidrojeni. Mkorofi mkuu ni haidroksili. Haina subira: ndani ya seli inaishi kwa nanosekunde chache na kusafiri nanomita chache, basi imeshashambulia kitu. Upana wa DNA ni nanomita 2, kwa hiyo ni ile haidroksili iliyozaliwa jirani kabisa ndiyo yenye madhara.

Haidroksili inaweza kunyofoa atomu ya haidrojeni kutoka kwenye besi ya DNA au kwenye asidi amino, au kujipachika juu yake. Vyovyote iwavyo, kinachobaki ni molekuli yenye elektroni moja isiyo na mwenzake. Molekuli hiyo ni radikali, na itamshika yeyote aliye karibu. Aliye karibu na DNA, kama tulivyoona kwenye swali la 2, ni protini.

6. Naomba mfano mmoja halisi, hatua kwa hatua.

Uliochunguzwa vizuri zaidi ni wa thimini, besi ya DNA, na tairosini, asidi amino ya protini. Muundo wake ulielezwa mwaka 1989 na Miral Dizdaroglu na wenzake huko Marekani, waliopiga mionzi mchanganyiko wa DNA na histoni, wakaumeng'enya kwa asidi, kisha wakapima vipande kwa kromatografia ya gesi na spektrometa ya masi.

Thimini ni besi pekee kati ya nne za DNA yenye kundi la methili, kaboni moja na haidrojeni tatu, lililochomoza pembeni. Haidroksili inapita na kunyofoa haidrojeni moja kati ya hizo tatu. Sasa kaboni ile ya methili imebaki na elektroni mpweke. Kando yake kuna histoni, na kwenye histoni kuna tairosini yenye pete ya kaboni sita na kundi la haidroksili kwenye ncha moja. Kaboni ya thimini inajipachika kwenye pete, jirani kabisa na pale kundi la haidroksili lilipo. Haidrojeni iliyokuwa mahali hapo inaondolewa, pete inarudia utulivu wake, na kifungo kimekamilika: kaboni kwa kaboni. Inawezekana pia tairosini yenyewe ikawa imeshageuzwa radikali, na hapo radikali mbili huungana moja kwa moja.

Kifungo cha kaboni kwa kaboni hakina mchezo. Hakiyeyuki kwa kuchemshwa, na hapo ndipo kinapotofautiana na vifungo vya formalini (swali la 20).

Njia nyingine inapitia guanini, besi inayopoteza elektroni kwa urahisi kuliko wenzake. Ikishapoteza elektroni moja, laisini ya protini inaweza kuishambulia kwa naitrojeni yake na kujifunga kwenye kaboni namba 8 ya guanini. Histoni zimejaa laisini, hivyo njia hii si ya kupuuzwa.

7. Nimesoma kwamba seli ikikosa oksijeni mifungamano huongezeka. Mbona kila kitu kingine hupungua?

Umesoma sawa, na hili ndilo jambo linaloitenga mifungamano na madhara mengine mengi ya mionzi.

Anza na mikatiko. Radikali ikishaundwa kwenye DNA, muda mfupi sana unafuata ambamo inaweza kuponywa: glutathioni iliyomo ndani ya seli inaipa haidrojeni, nayo inarudi ilivyokuwa. Oksijeni ikiwapo inawahi. Inajipachika kwenye radikali ya kaboni kwa kasi kubwa na kuigeuza radikali ya peroksili, na kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma, uzi unakatika. Ndiyo maana seli yenye oksijeni huhitaji dozi ndogo kufa, na seli iliyokosa oksijeni huhitaji dozi kubwa zaidi, mara 2.5 hadi 3.

Sasa turudi kwenye thimini yetu. Kaboni yake yenye elektroni mpweke inatafuta mwenza. Oksijeni ikiwapo inaichukua, na tairosini inakosa nafasi. Oksijeni isipokuwapo, radikali inaishi muda mrefu kidogo, na huo muda kidogo unatosha kuipata tairosini. Kitu kile kile kinachozidisha mikatiko ndicho kinachozuia mifungamano. Seli ikinyimwa oksijeni, mizani inageuka: mikatiko inashuka, mifungamano inapanda.

Watahini wanalipenda swali hili, na wengi hulikosa kwa kukariri kwamba "oksijeni huongeza madhara ya mionzi" bila kuuliza madhara yapi.

8. Ni protini zipi hunaswa?

Histoni ndizo za kwanza, kwa sababu ya ujirani. Utafiti wa Mee na Adelstein uliochapishwa mwaka 1981 ulionyesha kwamba kwenye kromatini (DNA pamoja na protini zake) iliyopigwa gama, histoni za furushi ndizo zilizotawala. Ukichunguza seli nzima iliyo hai, orodha inarefuka. Mwaka 2005 Sharon Barker na wenzake huko Kanada waliorodhesha protini 29 zilizofungwa kwenye DNA na mionzi katika mazingira ya uhaba wa oksijeni. Ndani yake mlikuwa na protini za kiunzi, kama aktini, pamoja na protini za usomaji wa jeni, za uchakataji wa RNA na za kukabili msukosuko wa seli.

Aktini huwashangaza watu kwa kuwa inafahamika zaidi kwenye misuli. Imo pia ndani ya kiini cha seli, na ilinaswa kama wengine.

## Maabara

9. Mfungamano hupimwaje?

Kuna njia nyingi na kila moja ina kasoro. Tuichukue moja kwa ukaribu, ile ya SDS na potasiamu, kwa sababu inafanyika hata kwenye maabara isiyo na mitambo ya bei mbaya.

Seli zinavunjwa kwa SDS, sabuni kali inayozivaa protini zote. DNA ndefu hufanya mchanganyiko uvutike kama ute, kwa hiyo unapitishwa kwenye sindano nyembamba mara kadhaa ili DNA ikatikekatike vipande vya urefu unaokaribiana. Hatua hii ikifanywa kwa uvivu, kipande kimoja kirefu chenye protini moja tu kitahesabiwa kana kwamba DNA yote ile imefungamana. Kisha mchanganyiko unapashwa joto, unaongezwa kloridi ya potasiamu, na unawekwa kwenye barafu. Sabuni iliyoungana na potasiamu haiyeyuki kwenye baridi. Inatuama ikiwa mashapo meupe, nayo inazama na protini ilizozivaa. DNA huru inabaki juu kwenye kimiminika. DNA iliyofungamana na protini inavutwa chini pamoja nayo. Mashapo yanaoshwa mara kadhaa, yanapewa proteinesi K ili protini itafunwe, na DNA iliyoachiwa inapimwa.

Njia nyingine maarufu ni kipimo cha kometi: seli moja moja inalazwa kwenye jeli na kupitishiwa umeme, na DNA iliyokatika hukimbia na kuacha mkia. Mfungamano huishika DNA isikimbie. Ukiweka proteinesi K na mkia ukarefuka, ujue kulikuwa na protini zilizoshikilia.

10. Kwa nini namba za maabara mbalimbali hazilingani?

Kwanza, hata seli isiyopigwa mionzi ina mifungamano yake, mamia au hata maelfu, inayotokana na formaldehaidi inayozalishwa na mwili wenyewe na vimeng'enya vinavyokwama kazini. Mionzi inaongeza juu ya hiyo, na dozi ndogo hupotea ndani ya kelele. Ndiyo maana majaribio mengi ya zamani yalitumia makumi ya grei, dozi ambazo seli isingeendelea kuishi. Pili, protini iliyong'ang'ania bila kifungo kovalenti inaweza kuhesabiwa kimakosa kama haikuoshwa sawasawa. Tatu, kuna hali ya oksijeni: sahani iliyojaa seli nyingi huishiwa oksijeni yenyewe bila mtafiti kukusudia, na swali la 7 linaeleza kinachofuata.

## Seli inavyojinasua

11. Protini moja tu imekwama. Tatizo liko wapi?

Tatizo ni ukubwa wake na mahali ilipo. Ili DNA inakiliwe, kimeng'enya kinatangulia kuzitenganisha nyuzi mbili, na nyuma yake kinafuata kinachoandika nakala. Besi iliyoharibika kidogo mara nyingi hupitika. Protini nzima ni kikwazo cha namna nyingine: kasoro inakuwa ya zipu iliyong'ata kitambaa, haiendi mbele wala hairudi. Mtambo wa kunakili ukisimama hapo kwa muda mrefu huporomoka, na penye mporomoko hutokea mkatiko wa nyuzi zote mbili. Mfungamano ulioachwa bila kushughulikiwa unaweza hivyo kuzaa mkatiko saa nyingi baada ya mionzi kuzimwa.

Usomaji wa jeni nao huzuiwa vivyo hivyo.

12. Seli huuondoaje?

Kwa kuitafuna protini kwanza. Kifungo chenyewe, hasa cha kaboni kwa kaboni, hakina kimeng'enya cha kukifungua.

Njia ya kawaida ya kukata na kubandika, inayotoa vipande vya DNA vilivyoharibiwa na jua, ina kikomo cha ukubwa. Kwa mamalia, protini ikizidi takriban kilodaltoni 8 (kipimo cha uzito wa molekuli) njia hiyo haiiwezi. Histoni ndogo kabisa kati ya zile nne, H4, ina kilodaltoni 11. Kwa maneno mengine, hata mnaswa wa kawaida kabisa ni mkubwa mno kwa fundi wa kawaida.

Jibu lilianza kupatikana mwaka 2014, pale Julian Stingele na Stefan Jentsch na wenzao, huko Ujerumani, walipoonyesha kwamba hamira ina proteinesi iitwayo Wss1 ambayo kazi yake ni kukata protini zilizofungamana na DNA. Kwa binadamu kazi hiyo inafanywa na SPRTN. Ni kimeng'enya cha kuogopwa, kwa kuwa kinakata protini za kila aina, hivyo seli inakichunga: kinaamka tu kikigusa DNA ya umbo fulani, na kikikosa kazi kinajikata chenyewe. Sambamba nacho kuna proteasomu, mtambo wa seli wa kusaga protini zilizowekwa alama ya ubikwitini. Kinachobaki baada ya kutafunwa ni kijipande kidogo cha protini, na vimeng'enya maalumu vya kunakili huweza kukivuka, wakati mwingine kwa kukosea herufi. Penye mkatiko, seli hutumia nakala dada ya DNA kujirekebisha.

Kwa upande wa usomaji wa jeni, mwaka 2024 maabara kadhaa zilionyesha kwamba protini CSB, ile ile inayokosekana kwa baadhi ya wagonjwa wa ugonjwa wa Cockayne, ndiyo inayoita msaada pale msomaji anapokwama kwenye mfungamano.

13. Kuna watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye mfumo huu?

Wapo, wachache sana. Ugonjwa wa Ruijs-Aalfs, ulioelezwa kijenetiki mwaka 2014, unatokana na hitilafu kwenye jeni ya SPRTN. Wenye ugonjwa huu huzeeka mapema na hupata saratani ya ini wakiwa bado vijana. Panya wasio na jeni hii kabisa hufa wangali mimba. Kwa ninavyoona huu ndio ushahidi wenye uzito kuliko wote kwamba mifungamano si jambo dogo, maana hao hawakupigwa mionzi yoyote. Mifungamano ya kila siku imetosha.

## Hospitali

14. Je, tiba ya mionzi huua saratani kwa mifungamano hii?

Kwa sehemu, na sehemu hiyo inategemea uvimbe wenyewe. Kwenye seli yenye oksijeni ya kutosha, muuaji mkuu ni mkatiko wa nyuzi zote mbili. Dozi ya kawaida ya siku ni kama grei 2, ambayo kwa makadirio ya swali la 4 ni mifungamano 300 hivi kwa seli, lakini kelele ya mikatiko ndiyo inayosikika.

Ndani ya uvimbe mkubwa hali ni tofauti. Thomlinson na Gray, yule ambaye kipimo cha grei kimepewa jina lake, walichunguza vipande vya saratani ya mapafu mwaka 1955 wakaona kwamba seli zilizo mbali na mishipa ya damu kwa kama mikromita 150 hadi 200 zilikuwa zimekufa, kwani oksijeni haifiki. Kati ya zilizokufa na zilizoshiba kuna tabaka la seli zilizo hai lakini zenye njaa ya oksijeni. Hapo mikatiko ni michache, mifungamano ni mingi. Maabara ya Hiroshi Ide huko Hiroshima ilipopima seli za mamalia, ilikuta hivyo hivyo, na ikaongeza jambo: mikatiko huungwa upesi, lakini sehemu ya mifungamano hukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo upo msingi wa kusema kwamba mifungamano huchangia kuua seli hizi zilizo sugu. Ukubwa wa mchango huo bado ni ubishi halali kati ya wataalamu, na anayekutajia asilimia kamili mwulize ameitoa wapi.

15. Mama yangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Mbona wanahangaika na damu yake kabla ya mionzi?

Pole kwa mama. Saratani hii ndiyo inayojaza foleni za tiba ya mionzi Afrika Mashariki, Taasisi ya Saratani Ocean Road pale Dar es Salaam ikiwamo, na wengi hufika wakiwa wamevuja damu kwa miezi. Damu ikipungua, oksijeni inayofika kwenye uvimbe inapungua, na kwa sababu za swali la 7 mionzi inapoteza makali. Kuongezewa damu hakukusudii kumpa mama nguvu tu. Ongezeko la mifungamano kwenye seli zenye njaa ya oksijeni halifidii mikatiko iliyokosekana.

Mambo mengine ya kuzingatia: asikatize ratiba, na akivuta sigara aache, kwa sababu moshi nao hupora nafasi ya oksijeni kwenye damu. Huko Denmark wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo hupewa dawa iitwayo nimorazoli, inayofanya kazi ya oksijeni pale oksijeni isipofika.

16. Pamoja na mionzi anapewa sisplatini. Nayo hufanya haya haya?

Sisplatini, dawa ya saratani yenye platini, hufunga DNA kwa DNA zaidi, ila mara kadhaa platini yake hushika DNA mkono mmoja na protini mkono wa pili. Kemia ni tofauti, haihitaji radikali wala haijali oksijeni kwa namna ile. Mzigo unaoongezeka kwa fundi wa swali la 12 ni mojawapo ya sababu zinazofanya viwili hivi vipewe pamoja, ingawa si pekee.

17. Na eksirei ya kifua je? Au CT?

Tupige hesabu. Eksirei ya kifua hutoa kama milisivati 0.1, ambayo kwa eksirei ni sawa na grei 0.0001. Zidisha kwa 150: unapata mfungamano 0.015 kwa seli. Yaani katika seli 100 zilizopitiwa, moja au mbili zitapata mfungamano mmoja. CT ya milisivati 10 itazaa mmoja au miwili kwa kila seli. Linganisha na mamia ambayo seli huwa nayo siku zote (swali la 10). Kama daktari ana sababu ya kuiomba picha, usiikwepe kwa ajili ya mifungamano. Mjamzito aseme mapema, kama kawaida.

18. Nimeambiwa nimeze vitamini na unga wa mlonge ili radikali zisinidhuru wakati wa mionzi.

Mlonge kama mboga kwenye sahani hauna ubaya. Vidonge vya vitamini C au E vya dozi kubwa ni habari nyingine. Kama kweli vinazima radikali, vitazizima pia ndani ya uvimbe, na hizo ndizo unazozilipia nauli kila siku. Mwulize daktari wa mionzi kabla ya kumeza chochote, hata kile kinachouzwa bila cheti.

## Ya pembezoni

19. Jua nalo hufunga protini kwenye DNA?

Miale ya urujuanimno huweza. Ni mwaka 1962 ambapo Kendric Smith aliona kwamba bakteria waliopigwa miale hiyo hawatoi DNA yao kwa urahisi, kwa kuwa imefungwa kwenye protini. Hapa radikali za maji hazihusiki sana. Besi yenyewe humeza mwanga na kujifunga, mathalani thimini kwa sisteini. Watafiti wamegeuza balaa kuwa chombo: hutumia miale ya nanomita 254 kugandisha protini kwenye RNA ili wajue nani alikuwa amemshika nani.

20. Formalini ya mochwari na ya maabara?

Formalini ni formaldehaidi ndani ya maji, nayo hufunga DNA kwa protini vizuri sana. Tofauti ni kwamba vifungo vyake vingi hufunguka ukivipasha moto kwa saa kadhaa. Vya mionzi vya kaboni kwa kaboni havifunguki. Anayefanya kazi na formalini afungue madirisha na kuvaa glovu. Formaldehaidi imetambuliwa kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu.

21. Ioni za kaboni huzalisha mifungamano mingi kuliko gama?

Kwa dozi ile ile, idadi haipandi. Kinachobadilika ni mpangilio. Ioni nzito hudondosha nishati yake kwenye mstari mwembamba, hivyo madhara hurundikana mahali pamoja: mfungamano hapa, mkatiko nanomita mbili mbele, besi iliyoungua ng'ambo. Lundo la namna hiyo ni gumu kurekebisha kuliko kasoro zile zile zikitawanyika. Japani imetibu wagonjwa kwa ioni za kaboni huko Chiba tangu mwaka 1994, na faida moja inayotajwa ni kwamba ioni hizi hazitegemei sana oksijeni.

22. Protini inaweza kunaswa baada ya mionzi kwisha?

Ndiyo, na mnaswa mara nyingi ni fundi mwenyewe. Haidroksili ikinyofoa haidrojeni kutoka kwenye kaboni namba 1 ya sukari ya DNA, besi huanguka na mahali pake hubaki laktoni, sukari iliyooksidishwa isiyo na besi. Kimeng'enya polimeresi beta kinapokuja kuisafisha, hutumia laisini yake kuishika sukari, kama kinavyofanya kila siku. Kwa sukari ya kawaida kifungo hicho ni cha muda na huachia. Kwa laktoni hakiachii. Polimeresi beta inabaki imefungwa pale ilipokuja kutengeneza, na sasa inasubiri yenyewe kutafunwa na mfumo wa swali la 12.